Watu Weusi Waliobeba Nyumba

Mwanangu wa mwisho, aliyeolewa huko Ulaya, aliniita nikamtembelee, na kwa kuwa kwake yeye kupumzika ni kutembea, tulipanda treni tukazunguka miji mitatu kwa siku tisa. Nimeona mambo. Nimeona makuba ya shaba yaliyogeuka kijani, na makanisa yaliyochongwa kila pembe mpaka unajiuliza fundi alikuwa anakula saa ngapi. Nimeona wanyama wa mawe wakitapika maji ya mvua kutoka kwenye paa. Nimeona mwanamke wa shaba aliyekaa kwenye chemchemi katikati ya soko, dole gumba la mguu wake liking'aa kwa kushikwashikwa na wapita njia. Mwanangu alitaka nisimame kando ya mwanamke huyo anipige picha. Nilikataa, nikasingizia baridi.

Katika mji wa mwisho tulikata kona kuingia mtaa mwembamba, mvua imekatika sasa hivi, mawe yananuka maji. Hapo nikawaona. Walikuwa wanne, wameinama chini ya roshani ya jumba la zamani, wameibeba kwa mabega na visogo, wako uchi mpaka kiunoni, weusi tii. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu.

"Mama, una nini?" mwanangu akauliza.

"Hawa watu."

"Hizo ni sanamu, mama. Tena hata si nyeusi. Jiwe lake ni la manjano, ni moshi wa makaa wa miaka na miaka ndio umezipaka. Tazama lile jumba la pili, wameshaziosha."

Nikatazama. Kweli, za jumba la pili zilikuwa na rangi ya ugali wa mtama. Nilitaka kumwambia kwamba hawa wanne nawafahamu kuliko anavyodhani, na kwamba babu yake aliwahi kuwa mmoja wao kwa karibu mwaka mzima, na kwamba aliyemweka pale ni mimi. Nikashindwa. Ukimwambia mtoto wa siku hizi jambo la namna hiyo atakutafutia daktari. Wa rika langu, mliosomewa barua na kusoma barua za wazee wenu, mtanielewa.

Baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayochakata mkonge, katika shamba moja karibu na Korogwe. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, na harufu ya majani ya mkonge yaliyochacha ndiyo niliyoijua kabla ya harufu ya maua. Mashamba yakawa ya umma, wazungu waliokuwa wakizijua mashine wakaondoka, ikabidi watu wetu wapelekwe Ulaya kufundishwa. Baba akachaguliwa. Mwaka mmoja na nusu, walisema. Tulimsindikiza stesheni akiwa amevaa koti la kuazima lililombana kwapani, na mama alicheka njia nzima ili asilie.

Nyumba ya shamba ilitakiwa na fundi mwingine, kwa hiyo mama na mimi tukahamia Handeni kwa Bibi, mama yake baba. Kaya yake ilikuwa peke yake porini, nyumba tatu za udongo, migomba michache kwenye bonde, na kaburi la Babu nyuma ya jiko. Bibi alikuwa Mzigua wa zamani, mdogo wa mwili, mkali wa macho, na aliniita mke mwenzangu. Siku tulipohama alikuja kutuchukua mwenyewe. Lori lilipopita mbele ya jengo moja la kale lililojengwa na Wajerumani, lenye kuta nene na madirisha madogo, Bibi alinifunika uso kwa kanga.

"Usiitazame hiyo," alisema. "Nyumba kubwa haisimami bure, mke mwenzangu. Kila nguzo ina mtu wake."

"Mtu gani, Bibi?"

"Waliitwa kubeba mawe. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Unafikiri wako wapi?"

Sijui kama kulikuwa na ukweli wowote ndani ya maneno yale. Watu wa kwetu walisema hivyo juu ya kila daraja na kila boma. Lakini mimi nilikuwa na umri wa kuamini, na nikaamini.

Barua zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Mwalimu mkuu alizigawa mstarini, na mimi, niliyekuwa darasa la nne, ndiye niliyekuwa macho ya nyumba yetu. Mama alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima chini ya banda la chama, lakini alikuwa bado anahangaika na a, e, i. Bibi alisema herufi zimemkuta amechelewa. Kwa hiyo nilisoma mimi, nimesimama katikati ya uwanja, na wao wameketi kwenye mkeka kana kwamba nahutubia.

Baba hakupenda barua ndefu. Alituma kadi zenye picha. Ya kwanza ilikuwa na mwanamke wa jiwe amesimama mbele ya jumba, paa zima limemkalia kichwani, wala hana hata kata ya nguo. Nyuma baba aliandika: "Mimi mzima, hofu ni kwenu. Mtazameni mama huyu. Kabeba nyumba tangu enzi za mababu zao na hajatua."

"Afadhali mimi natua," mama akasema, akacheka, maana alikuwa ametoka kuteka maji.

Bibi hakucheka. Aliishika kadi karibu na pua. "Huko si kwa wazungu?" aliuliza. "Huyu mweusi katoka wapi?"

Mimi niliichukua kadi nikaitazama upya, na ndipo nilipoona kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo. Kwenye ile picha kulikuwa na wapita njia, wanaume wa kofia na mwanamke mwenye mtoto, na wote walikuwa weupe. Aliyebeba paa alikuwa mweusi.

Kadi ya pili ilikuwa na mwanamume juu ya farasi, wote wawili weusi, njiwa wamewakalia. Ya tatu ilikuwa daraja refu, na kila upande wa daraja wamepangwa watu weusi wa mawe, wengine wameinua mikono kama wanaomba kitu, na wazungu wanapita katikati yao wakizungumza bila hata kuwageuzia shingo. Nilihesabu wale wa daraja. Nilitafuta hata mmoja mweupe. Hapakuwa na hata mmoja.

Chuoni, tulikosomea Kurani, maalim wetu alitufundisha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Nilimweleza Bibi. Tangu siku hiyo kadi za baba zililala kifudifudi kwenye rafu, zimefunikwa kwa bakuli, na Bibi akipita pale alipunguza sauti, mtu anavyopunguza sauti penye mgonjwa. Hakusema ni kwa nini. Laiti angesema, pengine ningebishana naye. Mtoto huchimba zaidi pale mkubwa aliponyamaza.

Nikachimba. Wazungu ni weupe. Hawa wa mawe ni weusi. Basi hawa si wa kule, wametoka kwetu. Waliitwa kubeba, kama walivyoitwa wale wa jengo la Wajerumani, na kazi ilipokwisha hawakurudishwa. Hivyo tu. Niliyapanga hayo njiani kutoka shule, peke yangu, katika jua la saa saba, na nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Kadi ya nne ilinikuta katika hali hiyo. Picha yake ilikuwa jumba lenye roshani, na chini ya roshani wanaume wanne weusi wameinama, mishipa ya shingo imewatoka. Juu ya kichwa cha yule wa tatu kulikuwa na msalaba mdogo wa wino, umechorwa kwa mkono, na wino umetiririka kidogo mpaka usoni mwake. Nikageuza. "Nimehamishiwa mji mwingine," baba aliandika. "Pale nilipotia alama ndipo nilipo sasa. Kazi ni ngumu lakini nitazoea. Nikipata nafasi nitamwita mama yako naye aje aone."

Nilimtazama yule wa tatu. Masikio yalikuwa ya baba. Nakuambieni, hata leo ningeapa kwamba masikio yalikuwa ya baba.

Siku hiyo nilifika nyumbani nikasema hakuna kitu. Ndiyo mara ya kwanza niliyomdanganya mama usoni, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nyuma ya jiko palikuwa na kinu kikuukuu kilichopasuka, kimeinamishwa chini, hakuna aliyekigusa. Niliiweka kadi pale chini. Sikumficha mama ili aumie. Nilimficha kwa sababu ya yale maneno ya mwisho, kwamba ataitwa. Mama yangu alikuwa na shingo imara, watu walimsifia kwa kubeba. Niliona kabisa mahali pake palipo wazi, chini ya jumba lolote, na nikaapa kwamba mimi nikiwa hai hatoitwa.

Baadaye zilikuja bahasha, moja baada ya nyingine, zimefungwa. Sikuzifungua. Mtu wa jiwe haandiki barua, kwa hiyo niliamini zinatoka kwa hao wanaomshikilia, na zimekuja kumchukua mama. Zote zilikwenda chini ya kinu. Mama akaanza kuniketisha jioni na daftari. "Andika," aliniambia. "Andika: baba fulani, mbona kimya? Kosa letu nini?" Niliandika kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno, nikatia kwenye bahasha, nikasema nitaipeleka. Nilikuwa naogopa barua ile isomwe kwa sauti pale mtaani, chini ya roshani, na baba asiweze hata kugeuza kichwa. Nayo ikaenda chini ya kinu.

Miezi ile nilikuwa mtoto wa ajabu. Mchana wenzangu wakicheza, mimi nilisimama kando ya jiko nimeinamisha kisogo na kuinua mabega, nikihesabu, nione naweza kukaa hivyo kwa muda gani. Nilifika mia nne siku moja, nikaanguka. Mvua ikinyesha nilitoka nje nikasimama, kwa sababu yeye hana pa kujificha. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa ya mwarobaini. Bibi alinitazama tu.

"Unabeba nini, mke mwenzangu?" aliniuliza mara moja.

"Sibebi kitu, Bibi."

"Haya. Ukichoka, tua."

Sikutua.

Kisha likaja tangazo la kuhamia kijiji cha ujamaa. Balozi wa nyumba kumi alipita kaya kwa kaya akisema kabla ya mvua za vuli kila mtu awe amejenga kando ya barabara, kwenye viwanja vilivyopimwa, kuna shule na zahanati na bomba. Mama alifurahi bomba. Bibi hakuogopa kuhama, alikuwa amehama mara nyingi katika maisha yake kwa njaa na kwa simba. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Kwa desturi yake, kaya haiondoki mahali huku mmoja wao hajulikani alipo, maana akirudi, akiwa hai au vinginevyo, atakuta mahame na hatajua njia ya kuwafuata.

Ikachanganyika na habari mbaya. Utingo mmoja wa lori alileta neno kutoka Korogwe kwamba katika wale vijana waliopelekwa Ulaya mmoja amefia huko. Nani, hakujua. Babu Mndolwa, kaka yake Bibi, alitembea mpaka shambani kuuliza, akarudi baada ya siku tatu na miguu imevimba. Karani mpya hakuwa na jina la aliyekufa. Alimwuliza tu, "Kwani kwenu hajaandika?" Na Babu Mndolwa akajibu ukweli anaoujua, kwamba huu mwezi wa tisa hajaandika.

Hiyo ndiyo iliyommaliza baba. Si ule uvumi. Ni kimya chake, na kimya chake nilikuwa nacho mimi chini ya kinu.

Wakaamua kuzika mgomba. Pengine kwenu hamna desturi hiyo. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, unang'olewa mgomba, unaoshwa, unavikwa sanda, unazikwa kwa jina lake, ili roho yake ipate pa kufikia. Maalim alikataa kuja. Alisema atamswalia kwa mbali kama dini inavyoruhusu, lakini mgomba hana habari nao. Bibi alimjibu kwa heshima kwamba maalim amemwombea mtu wake kwa Mungu, sasa yeye anamtafutia mtu wake pa kulala. Na kwa kuwa haikuwa maziko ya dini, Bibi alikwenda kaburini mwenyewe na wanaume, jambo ambalo wanawake wa kwetu hawafanyi.

Asubuhi yake nilimwuliza, "Bibi, wakishamzika, itakuwaje?"

"Atatulia."

"Hatarudi?"

"Aliyezikwa kwa jina lake harudi, mke mwenzangu. Anakaa pale alipoitwa."

Mpaka hapo nilikuwa nimemfanya jiwe tu, na jiwe, nilijiambia, huenda siku moja likaachiwa. Sasa walikuwa wanamfunga moja kwa moja.

Walichimba nyuma ya jiko, kando ya kaburi la Babu. Mgomba ulitolewa bondeni. Bibi aliagiza ung'olewe pamoja na tunguu lake la chini na mizizi, akasema mtu hazikwi bila miguu. Niliuona ukioshwa juu ya mlango uliolazwa chini. Babu Mndolwa aliumwagia maji taratibu, akapangusa, na alipofika kwenye shingo ya mgomba aliinua kidogo kwa kiganja, vile unavyomwinua mgonjwa anywe maji. Walipoufunga sanda nyeupe ulikuwa na urefu wa baba kamili. Kuku walikuwa wamenyamaza. Ndani ya nyumba, mashangazi waliokuja msibani walikuwa wanamfumua mama nywele na kumvua bangili kuanza eda, na mama hakuwa analia, alikuwa anatazama mikono yake.

Niliganda. Nataka nikiri hilo. Kinu kilikuwa hatua ishirini na mimi nikashindwa kwenda, kwa sababu nilijua nikikiinua kile kinu nimemkabidhi mama. Baba au mama. Waliushusha mgomba. Nikamsikia Bibi akiinama juu ya shimo na kuita kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu aje kula, "Athumani. Athumani mwanangu. Hapa ndipo kwenu. Lala." Udongo wa kwanza ukaanguka juu ya nguo. Ndipo miguu yangu ilipokimbia yenyewe.

Kinu nilikisukuma kwa mabega. Mchwa walikuwa wamekula pembe za bahasha, wamezigundisha pamoja kwa udongo. Nilizikumbata zote nikaingia nazo ndani, nikazitupa mapajani mwa mama. "Usiende," nilimwambia. "Wakikuita usiende."

Mama aliinua kadi ya roshani. Akaigeuza. Shangazi mmoja akanyoosha mkono anipe mimi nisome, na mama akamzuia. Akaanza yeye. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kama walivyosoma bandani. "Ni... me... ha... mi... shi... wa." Alisoma mpaka mwisho. Akapasua bahasha ya kwanza, ya pili, akitafuta tarehe, akitafuta jina. Ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Akasimama kichwa wazi, nywele zimefumuliwa, akatoka nje mbele ya wanaume na kusoma kwa sauti maneno ya kwanza aliyowahi kuyasoma kwa ajili yake mwenyewe.

"Mi-mi m-zi-ma," alisoma. "Mi-mi mzi-ma. Mimi mzima."

Majembe yalisimama. Kaburi lilikuwa limefunikwa nusu. Babu Mndolwa aliketi chini kwenye udongo kama mtu aliyekatwa miguu. Mtu akasema tuufukue. Wote wakamtazama Bibi.

Sijawahi kuona uso ule tena. Nilitegemea afurahi. Alitazama kadi mkononi mwa mama, akatazama shimo, akatazama tena kadi, kama aliyeulizwa achague.

"Kilichokwisha kuitwa hakichimbuliwi," alisema mwishowe. "Huyu wa hapa nimemlaza kwa jina. Mmalizieni."

Wakamalizia haraka, bila kushindilia udongo, wakinawa mikono kabla hata ya kuweka majembe chini. Jioni ile nilichapwa na mama kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Tulipohama wiki ya pili, Bibi aliaga makaburi mawili.

Baba alirudi baada ya mvua. Alishuka kwenye lori barabarani, mnene kidogo, na sanduku la kijani, akatembea mpaka kwenye nyumba yetu mpya. Bibi alikuwa anapepeta mahindi uani.

"Shikamoo mama."

Bibi alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani. "Marahaba," alisema. "Karibu, mgeni."

Baba alicheka, akadhani ni utani wa mzazi aliyekasirika. Lakini siku ya pili ilikuwa mgeni, na ya tatu mgeni. Mgeni ameamka? Mgeni ameshakula? Alimpikia, alimfulia, alimpa kipande kikubwa cha nyama. Jina hakulitia tena kinywani.

Nilimweleza baba yote mwenyewe, nimemshika mkono, nikiufinya nione kama utafinyika. Alinieleza kwamba ile alama ilikuwa ya dirisha lake, lile lililo juu tu ya kichwa cha sanamu, na kwamba wino ulichuruzika. "Mimi nami nilikuwa nimewazika," alisema. "Barua sita, jibu hakuna. Nilikuwa napita chini ya wale wanne kila asubuhi kwenda kazini, nikawa nawaamkia. Hakukuwa na mwingine wa kumwamkia."

Mwaka uliofuata watu walianza kusema kwamba kule mahame kuna mgomba umeota juu ya kaburi. Waliokwenda kukata kuni walizunguka mbali. Ulizaa, mkungu mkubwa, na hakuna ndege wala mtu aliyeugusa. Baba aliposikia alichukua panga, akanichukua na mimi. Nyumba zetu zilikuwa zimeshaanguka, nyasi zimefika kiunoni, na mgomba umesimama peke yake nyuma ya jiko lisilokuwepo, majani mapana, unene wa mtu. Aliukata mkungu. Chini yake ndizi chache zilikuwa zimeivia hapo hapo. Akamenya moja akala, amesimama juu ya kaburi lake, akitafuna bila haraka. Akamenya nyingine akanipa.

"Kula," alisema. "Nimekusamehe. Kula yaishe."

Nikala. Ilikuwa tamu, ndizi kama ndizi nyingine. Nilimpelekea Bibi moja nikiwa na moyo mweupe kabisa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga, na sikuona akiila.

Aliishi miaka mingine mingi, na siku zake za mwisho ni baba aliyemuuguza. Yeye ndiye aliyemgeuza, yeye ndiye aliyemnywesha uji, akiitwa mgeni, ahsante mgeni. Nilikuwa msichana mkubwa. Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, dirisha limefunguliwa, na baba ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda amemshika mkono. Bibi alifumbua macho yakiwa angavu, kama ya zamani.

"Athumani," aliita.

Mama aliziba mdomo kwa kanga. Baba aliinama mpaka karibu, machozi yanamtiririka hadharani. "Naam, mama. Nipo hapa, mama."

Bibi hakumgeukia. Alikuwa ameelekea dirishani, upande wa mahame, ametega sikio. Alisubiri. Sisi sote tulisubiri naye. Kisha uso ukamlainika, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu kabla ya siku ya mgomba.

"Haya, njoo," alisema. "Taratibu tu, mwanangu, njia ina miiba."

Baba aliuachia mkono wake polepole. Akainuka kwenye kigoda, akasimama ukutani, akampisha.